Gari la Bibi Harusi Halisukumwi

Tak.

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kavu na fupi, kama ganda la karanga linapovunjwa karibu na sikio. Nilikuwa mezani, nimeinamia ukurasa ambao tangu asubuhi haukuwa umeongezeka hata mstari. Nikainua kichwa. Kuku walikuwa wanaparura, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, kisha ikaja tena: tak. Baada yake ikapenya sauti ya shangazi yangu.

"Mayo! Na hili nalo limekuwa bubu tangu lini?"

Nilipotoka nilimkuta ameketi nyuma ya usukani wa gari la babu, mlango wazi, mguu mmoja nje, anazungusha ufunguo na kusikiliza, anazungusha na kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua kabisa ina watu. Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Jumamosi alikuwa anaolewa.

Shangazi alikuwa na miaka hamsini na sita. Mchumba wake alikuwa mgane, mkulima wa ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema, mtu mpole anayevua kofia hata anapoongea kwenye simu. Lakini hii haikuwa harusi ya kwanza kupangwa katika uwanja wetu pale Igogo. Zamani, nikiwa bado natambaa, shangazi alikuwa amekwisha kuvishwa pete na mtu mwingine, na babu alikuwa amesimama mbele ya ukoo akasema binti yake atatoka nyumbani kwa gari la baba yake, si la kuazima. Mwaka huohuo mama yangu akafariki. Shangazi akavua ile pete, akanibeba mgongoni. Yule mchumba alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Babu naye akaaga dunia. Gari likabaki bandani chini ya bati, likawa la kwenda kanisani Jumapili na kupeleka wagonjwa hospitali.

Kwa hiyo, mchumba wa sasa aliposema ataleta gari la kukodi, jipya, lenye maua na riboni, shangazi alimjibu kwa upole kwamba asante, analo la kwao. Akaongeza kwamba ikishindikana atamwambia kabla ya Ijumaa jioni, maana wenye magari ya harusi wanataka kujua mapema.

Na sasa la kwao lilikuwa linasema tak.

Baba alikuja mbio kutoka ufukweni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba ni fundi wa mitumbwi. Mikono yake inaujua mti kuliko inavyoujua mkono wa mtu. Akikusalimia anakupapasa kiganja kana kwamba anatafuta ufa. Kwa wiki mbili nzima alikuwa analishughulikia gari lile kwa ajili ya harusi. Alifungua alichoweza kufungua, akasugua kutu yote, akapaka rangi. Nje alilipaka nyeupe. Ndani, pale injini inapokaa, alipaka ile buluu ya mitumbwi, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, mpaka ukifunua boneti unaona kama kipande cha ziwa kimefungiwa humo.

"Betri," akasema baba kabla hajafika.

"Umeliona?" shangazi akauliza.

"Sauti hiyo ni ya betri, dada. Hata mtoto anajua."

Tukaazima betri ya jirani. Tak. Baba akasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na msasa. Tak. Mimi nikapewa kazi ya kusimama mbele na kusema ninachokiona, na niliona maajabu. Shangazi akibonyeza honi, indiketa zote mbili ziliwaka kidogo, kwa haya, kama macho ya mtu aliyetajwa akiwa amesinzia. Akiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo ilijibu. Nilicheka peke yangu. Lilikuwa gari lenye tabia ya ukoo wetu: unamuuliza huyu, anajibu yule.

"Tulisukume," nikasema. Gari za zamani zina uzuri huo. Ukilisukuma kwenye mteremko na kuingiza gia, linaamka lenyewe. Na uwanja wetu, kama viwanja vyote vya mlimani pale, una mteremko wa kutosha kuamsha hata meli.

Tukalisukuma, na kweli, kabla ya kufika kwenye jiwe la chini liliunguruma. Baba akapiga makofi. Shangazi alilizima palepale, akashuka.

"Jumamosi je?"

"Jumamosi tunalisukuma hivihivi," baba akasema.

"Nani anasukumwa?" Shangazi alifunga kanga yake upya, ishara ambayo tangu utotoni ilinifanya nitafute mahali pa kujificha. "Gari la bibi harusi halisukumwi. Nimekaa hapa miaka yote hii, siku ninayotoka majirani wote wamesimama, halafu ndugu zangu wako nyuma wananisukuma? Watu watasema nini? Watasema, huyo wamemchoka, tazama jinsi wanavyojitahidi."

"Hakuna atakayesema hivyo."

"Nitasema mimi. Liwake kwa ufunguo, au nipande la kukodi."

Alhamisi asubuhi baba alimleta fundi wa umeme. Alikuwa mzee mfupi mwenye kanzu aliyoikunja hadi magotini na kuifunga kwa mkanda, mtu wa familia ya mjini iliyokuwa ikiuza vipuri tangu enzi za babu yangu. Alikuwa na kijisanduku cha bati, na ndani yake, juu ya takataka zote, taa ya kupimia aliyojitengenezea: balbu ndogo ya indiketa iliyounganishwa na waya mbili, mmoja una kibanio, mwingine una sindano.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi ni wewe?"

"Ni mimi," shangazi akasema kutoka jikoni. "Mbona unamtazama mtoto?"

"Nisamehe, dada. Sikujua kwamba wazuri bado wanapatikana."

"Tengeneza gari, mzee. Nimeshachumbiwa."

Akafunua boneti, akasimama kitambo mbele ya ile buluu. "Mashallah," akasema. "Hapa mtu anaweza kuvua samaki." Baba alitabasamu kama mtoto aliyesifiwa mwandiko.

Nilimfuata fundi siku nzima. Niliacha ukurasa wangu mezani bila majuto, kwa sababu nilichokiona nje kilikuwa kilekile nilichokuwa nashindwa kukifanya ndani: kuanzia mwanzo, kufuata uzi mmoja bila kuruka. Aliniambia kwanza kwamba si betri. "Betri ikifa, taa kubwa zinazimia unapozungusha ufunguo. Hizi zinakaa macho. Betri ina nguvu zake." Akabana kibanio kwenye kichwa hasi cha betri, na kwa sindano akaanza kugusa: fyuzi, taa ikawaka, swichi ya ufunguo, ikawaka, waya mnene unaoingia kwenye stata, ile mota inayoamsha injini, ikawaka tena, nyeupe na imara. Kila alipogusa, balbu ilisema ndiyo.

"Umeme unafika hadi mlangoni kwa stata," akasema. "Basi stata yenyewe."

Akaifungua, akailaza chini kwenye gunia, akaikanyaga kwa mguu, akaipa moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Stata iliruka na kuzunguka kwa kelele, ikipigapiga gunia kama sangara aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Ilikuwa nzima. Akairudisha, akakaza, akampa shangazi ishara.

Tak.

Fundi alikaa chini kwenye kivuli cha gari, akavua kofia yake iliyofumwa kwa mkono, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Wakati wa chakula ndipo maneno yalipotoka. Tulikuwa watatu kwenye mkeka, ugali na sato katikati, upepo wa ziwani unainua ncha za pazia. Shangazi hakuwa anakula.

"Hili gari lilikuwa linawaka," akasema polepole. "Mwezi uliopita nimekwenda nalo sokoni. Umeligusa wewe, limekufa."

Baba aliendelea kumega ugali.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Umelifanya nini?"

"Nimelipaka rangi."

"Tangu mgane wa watu alipoleta barua hujawahi kunitazama usoni. Ukiulizwa ng'ombe wa mahari watakaa wapi, unasema mbao zimelowa. Ukiulizwa nani atanipeleka ukweni, unasema kuna mtumbwi wa mtu. Sasa gari. Kama hutaki niende, sema. Mimi ni dada yako, si lazima univunjie stata."

Baba alinawa mikono, akaikausha kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Nataka uende," akasema. "Ndiyo maana nimepaka mikono miwili."

Akainuka, akarudi ufukweni. Shangazi alibaki akitazama sahani ya samaki, kisha akavuta kipande cha mgongo, akanipa mimi, kama alivyofanya tangu nina meno manne. Mchana huo aliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ijumaa fundi alirudi mapema, macho mekundu. Alikiri kwamba hakulala vizuri. Gari la watu lilimfuata hadi kitandani. Akaomba tuanze upya kana kwamba jana haikuwepo. Shangazi akaketi kwenye usukani, akavuta choki, ule mvuto mdogo wenye kichwa cheusi ambao gari za zamani zinauhitaji asubuhi, akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena akaushikilia, kwa hasira, kama anayeminya sikio la mtoto mkaidi.

"Uuui!"

Aliruka nje anapuliza vidole. Kutoka kwenye dashibodi, pale choki inapotokeza, palikuwa panatoka uzi mwembamba wa moshi.

Nilidhani fundi angekimbilia maji. Badala yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye bampa.

"Mzee, nimeungua!" shangazi akasema.

"Alhamdulillahi, dada, umeungua! Mkono wako umenifundisha kazi." Akaja, akautazama mkono kwa heshima, akaona si jeraha, ni wekundu tu. "Choki ni waya wa kuvuta kabureta. Haina umeme. Haijawahi kuwa na umeme. Sasa kwa nini iwe moto?"

Akagonga kichwa cha choki kwa ukucha.

"Kwa sababu umeme unaenda, lakini lazima urudi. Jana mimi nilikuwa napima kwenda. Naenda, naenda, kila mahali taa inawaka, nafurahi. Sikuuliza unarudije." Akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake wa siku mbili. "Watu wakivuka kwenda Kamanga asubuhi kwa kivuko, halafu jioni kivuko kisirudi, watafanyaje? Wataanza kujazana kwenye vimtumbwi. Vitazama. Ndivyo hapa. Injini inapokea moto kwa waya mnene kama kidole gumba, lakini njia ya kurudi imefungwa, basi umeme wote unajipenyeza kwenye hiki kiwaya cha choki. Hakiwezi."

Akachukua taa yake ya kupimia, safari hii kibanio akakibana kwenye chuma cha injini yenyewe, akagusa tena ule waya wa stata uliokuwa umesema ndiyo jana yote. Balbu ilibaki giza, isipokuwa unyuzi mwekundu ndani yake, hafifu kama kijinga cha mwisho.

"Mkanda wa ethi, hiyo njia ya kurudi, uko wapi?"

Baba, aliyekuwa amesimama mbali na mikono nyuma, alisogea. Akaonyesha kwa kidole mkanda mpana uliosukwa kwa nyuzi za shaba, unaotoka kwenye injini na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Ulikuwa wa buluu. Bolti ilikuwa ya buluu. Chini ya bolti palikuwa pa buluu.

Fundi alikwangua kwa ncha ya kisu. Rangi ilitoka kama ganda la yai, nzito.

"Ulifungua bolti, ukapaka chini yake, ndipo ukafunga?"

"Zote," baba akasema. "Za mkanda, za indiketa, zote. Mkono wa kwanza, ikakauka, mkono wa pili, ndipo nikafunga."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

Baba alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Palipoachwa wazi ndipo maji yanapoingilia. Ubao, msumari, bati, unapaka kwanza, ndipo unafunga. Ukipaka juu tu, mtumbwi unaoza kwa ndani na wewe unausifia."

"Ndiyo. Na rangi isiyopitisha maji, haipitishi umeme pia."

Nilimwona baba akielewa. Ilimshukia polepole, kuanzia kwenye paji la uso. Alikuwa amelifungia gari lile kila mlango wa kutokea, kwa uangalifu wa kazi ya maisha yake, kwa mkono uleule ambao haujawahi kutengeneza mtumbwi unaovuja. Shangazi naye alikuwa anamtazama. Nilingoja aseme. Alivipuliza tena vidole vyake ambavyo vilikwisha kupoa.

Fundi alichukua waya mnene kutoka kwenye kisanduku, akabana ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye injini. "Washa."

Shangazi aliingiza mkono kupitia dirishani, akazungusha. Hakuna tak. Injini ilikohoa mara moja na kushika, na bati la banda likaanza kutetemeka pamoja nayo. Kuku walitawanyika. Jirani alizima redio, akapiga kigelegele kutoka upande wa pili wa ukuta bila hata kujua anashangilia nini.

"Si liachwe hivihivi?" nikauliza.

"Kwa waya wa kuning'inia? Wakati anakwenda ukweni?" Fundi alichukia kabisa. "Pakwanguliwe mpaka chuma kionekane uchi. Halafu mafuta ya grisi juu yake, maji yasiingie. Kila mtu apate haki yake."

Alitaka kuanza, akashika msasa, lakini baba alimwomba. Akapiga magoti mbele ya boneti, akaanza kukwangua rangi aliyoipaka. Alifanya kazi ile taratibu, kwanza mviringo mmoja mdogo chini ya mkanda, saizi ya sarafu, mpaka chuma kikang'aa. Kisha chini ya indiketa ya kushoto. Kisha ya kulia. Unga wa buluu ulimwangukia kwenye mapaja. Mara shangazi akaja, akachuchumaa karibu naye, akachukua kipande cha msasa.

"Huku umepaka vizuri," akasema. "Inagoma kutoka."

"Mikono miwili," baba akasema.

"Naona."

Wakaendelea. Nilikuwa karibu nao na nilisikia kila kitu, na hayo ndiyo yaliyosemwa. Yalitosha. Baadaye kidogo shangazi alimpiga begani na kiwiko kwa kuwa alikuwa anamzibia mwanga, naye akamrudishia, na kwa dakika moja nikawaona jinsi walivyokuwa kabla sijazaliwa, watoto wawili wanagombea kazi ya baba yao.

Saa kumi shangazi alimpigia simu mchumba wake. "Usilete gari," akasema. "La kwetu linawaka." Akasikiliza. "Vaa kofia yako, uko juani wewe." Akakata.

Jumamosi hakuna aliyelisukuma. Majirani walisimama pembeni ya njia, kwenye mawe, juu ya ngazi, wakimwona bibi harusi ameketi mbele na gauni la rangi ya maziwa, baba kwenye usukani na koti lililombana mabega, mimi nyuma na masanduku. Baba alizungusha ufunguo kwa vidole viwili, kwa maringo ambayo sijapata kuyaona kwake tena. Tuliteremka hadi barabarani injini ikiimba.

Kwenye kivuko cha Kamanga wahudumu walituambia tuzime injini. Ndiyo sheria, lakini baba alimtazama yule mhudumu kana kwamba amemwambia azime moyo. Shangazi akamwambia, "Zima." Akazima. Tulivuka tukiwa tumetulia, maji yakipiga ubavu wa chuma, watu wakichungulia dirishani kumwona bibi harusi na kumwombea mema, mama mmoja mwenye beseni la nyanya akimwambia, "Hongera, bibie, hujachelewa." Shangazi alicheka hadi akalazimika kufuta macho kwa pindo la shela. Ng'ambo, lango liliposhuka na magari mengine yakaanza kunguruma, baba alishika ufunguo. Gari liliwaka kwa mguso mmoja, na shangazi aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, akakiacha hapo mpaka tulipopanda barabara ya vumbi.

Wakwe walikuwa wanangoja uwanjani, wanawake mbele, kanga zimetandikwa chini kuanzia tulipotakiwa kusimama hadi kizingitini. Vigelegele vilianza kabla magurudumu hayajakoma. Baba alitaka kushuka azunguke amfungulie mlango.

"Kaa," shangazi akasema. Alitazama mbele, kwenye zile kanga. "Mtalala njiani mkingoja ngoma. Mwende mapema, muwahi kivuko."

"Tutawahi."

"Na wewe," akaniambia bila kugeuka, "umfanye ale. Usimwachie chai tu."

"Sawa, shangazi."

Alinyoosha gauni magotini. Kisha akamgeukia baba, akamtazama vizuri, akambandua doa dogo la buluu kwenye kifundo cha kidole kwa kucha yake, kama anayemsafisha mtoto kabla ya shule. Baba alimwachia mkono. Alipomaliza, shangazi alifungua mlango, akaweka mguu mmoja kwenye kanga, halafu wa pili, akasimama. Wanawake walimzunguka. Aliyenyoosha mkono nyuma, kati ya vitambaa na mikono mingi, alikuwa shangazi mwenyewe, na kwa kiganja kilichofunguka, bila nguvu nyingi, akaufunga mlango.